Mayai ya Bata ya Mkumbara

Wifi hasifiwi na wifi, na mimi Husna sikuja duniani kuibadili desturi hiyo. Kwa hiyo nikisema kwamba Chausiku, mke wa kaka yangu Jabiri, hajui kukaa, msidhani namsengenya. Nasema kama mtu anayeishi naye ua mmoja hapa Handeni, aliyemvumilia tangu siku alipoletwa na vigelegele mpaka leo anapoingia chumbani kwangu bila hodi.

Hakai. Anakula amesimama, tonge mkononi, jicho barabarani. Nimeshamwona akisukwa nusu kichwa, akainuka kwenda kuangalia kama nguo zimekauka, msusi akabaki na kitana mkononi hajui amfuate au aondoke zake. Na kazi ni vivyo hivyo. Alianza na chapati za asubuhi, akaacha. Akaingia mitumba, akawa anazunguka nayo kwenye magulio, akaacha. Akanunua cherehani, akashona mashuka mawili na foronya moja, cherehani likaenda kwa jirani. Kaka yangu ni fundi mwashi, mtu wa maneno machache, na husema mkewe amezaliwa na magurudumu. Yeye husema akicheka. Mimi sikuwa nacheka, kwa sababu kila biashara iliyokufa, mabaki yake yaliletwa kutunzwa kwangu.

Biashara pekee iliyomshika ni ya kutotolesha vifaranga. Alichongewa sanduku la mbao na fundi seremala, likatiwa balbu, kipimajoto na bakuli la maji, akaanza kupokea mayai ya kuku ya watu. Mwanzoni nilicheka. Baadaye nikaona mantiki yake. Mayai ya kuku ndani ya sanduku hayakuachi upumue. Lazima uyageuze asubuhi, mchana, jioni. Maji yakipungua uongeze. Umeme ukikatika, na hapa kwetu haukosi kukatika, ukimbie kuleta chemli na blanketi. Ni kazi iliyoumbwa kwa ajili ya mtu asiyetulia, na Chausiku aliiweza. Watu wakawa wanamletea mayai kutoka mbali, wakamwita Mama Vifaranga.

Sanduku lenyewe, mnaweza kukisia, liliwekwa kwangu. Nina vyumba viwili vidogo upande wa pili wa uwanja, kimoja nalala, kingine kikageuzwa kiota. Nilinung'unika, nikazoea.

Sasa mama yake Chausiku, Mama Mwantumu, anaishi Mkumbara, kule kwenye barabara ya Moshi. Ni mjane. Marehemu mumewe, Mzee Muhidini, ujanani alichuma chai Dindira, na alipooa alishuka mlimani na jozi ya bata ndani ya tenga, dume na jike, weupe wenye baka jeusi kichwani. Tangu hapo yule mama hajalala siku moja bila bata uani. Watoto walizaliwa, wakakua, wakaondoka, mzee akafariki, na mbegu ile ya bata ikawa inaendelea tu, bata anazaa bata. Akiongea nao utadhani anaongea na wapangaji wakorofi. Chausiku alimbembeleza mara nyingi ahamie Handeni, na jibu lilikuwa moja: "Na bata wangu nimwachie nani?"

Kisha alfajiri moja mbwa wazururaji wakavunja banda. Hawakula hata bata mmoja wa maana. Waliua tu, wakaacha manyoya yametapakaa mpaka kwenye mlango wa jiko. Mama Mwantumu alipiga simu asubuhi hiyo, na Chausiku akaweka sauti ya juu ili nami nisikie.

"Wamekwisha wote," alisema yule mama. Sauti yake ilikuwa kavu. "Nimebakiwa na mayai. Nimeyaokota kwenye viota, ya juzi na jana, hayajaatamiwa."

"Nitumie mimi, mama."

"Wewe mikono yako haitulii, Chausiku. Kuna mwanamke Korogwe mjini anatotolesha, nafikiria nimpelekee yeye."

"Mama. Nitumie mimi."

"Sitaki mengi. Nataka dume na jike tu, nianze upya. Nikikosa, basi, itakuwa mbegu imechoka kama mimi, sifugi tena." Akakata simu.

Jirani wa Mkumbara alituambia baadaye kwamba yule mama alikuwa anashinda mlangoni, anatazama banda tupu, chakula anakigusa na kukisukuma. Chausiku alizunguka uwanja mzima siku ile. "Wifi," aliniambia, "mama yangu bila bata atakufa." Sikumjibu kitu cha kumtania. Hata mimi nina mpaka.

Mayai yalikuja ndani ya ndoo. Mama Mwantumu alikuwa amefunga kila yai kwa kipande cha kanga chakavu, akayapanga kwenye pumba za mpunga, akafunika kwa mfuniko na kamba. Upendo wa mtu unaonekana kwenye fundo la kamba. Ila upendo hauendeshi basi. Ndoo ilipandishwa Mkumbara, ikashushwa Korogwe, ikangoja stendi, ikarushwa kwenye gari la Handeni, na kutoka stendi yetu ikaletwa na bodaboda iliyokuja kwa njia ya mkato, ile yenye makorongo, dereva kaifunga nyuma kwa mpira na anaimba.

"Mzigo salama, mama," akasema. "Hata moja halijapasuka."

Na kweli, hakukuwa na hata moja lenye ufa. Chausiku alishukuru, akakaa na ndoo kivulini, akalifungua yai la kwanza. Akafanya kile ambacho kila mwanamke wa kwetu hufanya, alichofanya bibi yangu na bibi yake. Akalipeleka sikioni, akalitikisa.

Labda niwaeleze wasiofuga. Yai zima halisemi. Ukilitikisa sikioni na ukasikia maji yanacheza, hilo ni viza, limeoza, na ukilifumbia macho litakuja kupasuka katikati ya mengine liyanukishe na kuyaharibu yote. Kwa hiyo viza halina mjadala, ni la kutupwa. Hatukufundishwa na bwana mifugo. Tumekua nayo.

Yai la kwanza lilicheza. La pili likacheza. La tatu nililisikia hata mimi niliyekaa mbali, chwa, chwa. Chausiku akanitazama, na usoni pake hapakuwa na damu.

"Mama ameniletea viza," alisema.

"Si alisema ya juzi na jana?"

"Yanacheza, wifi. Sikiliza."

Alikuwa ameshanyanyua ndoo kuelekea shimo la taka nyuma ya nyumba pale Jabiri alipoingia kutoka kazini, begi la vyombo begani, vumbi la saruji mpaka kwenye kope. Akauliza kuna nini. Mkewe akamwambia, na machozi yakaanza. Jabiri alichukua yai moja, akaingia chumbani kwangu, akafunga dirisha kuwe giza, akawasha tochi ya simu na kulibana yai juu yake. Tukaingia nyuma yake.

Ndani ya yai kulikuwa kwekundu na kwepesi, kiini kizima kimeelea katikati. Halikuwa bovu hata kidogo. Lakini ule uwazi wa hewa, ambao kwa kawaida hutulia upande wa kichwa kinene, ulikuwa umeachia. Jabiri aliinamisha yai huku, uwazi ukakimbilia kule. Akaliinamisha kule, ukarudi huku.

"Hili si viza," alisema. Akatoa kwenye begi lake pima maji, ile rula ya waashi yenye kitone cha hewa ndani ya kioo, akaiweka karibu na yai. Akaviinamisha vyote viwili. Vikatembea pamoja.

Chausiku akafuta uso. Yeye mayai anayajua, ni mshituko tu uliokuwa umemziba macho. Alianza kueleza harakaharaka, kama kawaida yake. Kile chumba cha hewa ndicho kifaranga anachotumbukiza mdomo siku ya kutoka, avute pumzi ya kwanza kabla hajavunja ganda. Barabara imeyatikisa mpaka ngozi ya ndani ikaachana na ganda. Chumba kikibaki kinazurura, kifaranga atakitafuta asikione, afie humo humo ameshakamilika mpaka kucha.

"Sasa dawa yake?" nikauliza.

Jabiri ndiye aliyejibu, akimtazama mkewe. "Zege likimwagwa, unafanya nini?"

"Unaliacha."

"Unalipitapita?"

"Hulikanyagi mpaka lishike," alisema Chausiku, na nikamwona anavyoelewa, na anavyoogopa alichoelewa. Mayai yale yalitaka kusimamishwa kwenye trei, ncha chini, kichwa kinene juu, na yasiguswe. Yasigeuzwe. Yasifunguliwe funguliwe. Kazi pekee aliyowahi kuiweza kwa sababu haimruhusu kutulia, leo inamtaka atulie.

Nikasema, "Basi mayai yamekwisha haya." Jabiri akaniangalia vibaya.

Kabla hatujatoka mle ndani nilimshauri Chausiku ampigie mama yake, amweleze kwamba mayai yamefika yametikisika. Akakataa. "Amefunga moja moja, wifi. Umeyaona mafundo yale. Nikimwambia yameharibika njiani atasema ameyaua yeye, na hali aliyonayo sasa…" Akampigia, akasema yamefika salama salimini. Nikaona ni sawa. Ningekuwa mimi ningefanya hivyo hivyo.

Siku zilizofuata sitazisahau. Mwanamke yule aliteseka. Alifagia uwanja mpaka mchanga ukaisha, tukawa tunakanyaga udongo mgumu. Aliosha masufuria yangu ambayo sikumwomba. Alichambua mchele uliokwisha chambuliwa. Akaja kwangu eti anatafuta sindano, nikamwambia sindano haikai ndani ya sanduku la mayai. Akaja kuuliza saa, na simu iko mkononi mwake. Siku moja nilimkuta amesimama mbele ya sanduku, mikono ameibana kwapani, anatazama kipimajoto tu, midomo inacheza kama anayesoma dua.

"Toka," nikamwambia.

"Sijagusa."

"Najua. Toka kabla hujagusa." Nikamsindikiza na mwiko.

Tuligombana mara nyingi katika siku zile. Mimi nilikuwa nimechoka na yeye alikuwa hana pa kuupeleka mwili wake. Usiku Jabiri akimsikia anageuka geuka alikuwa anamwambia, "Zege, mke wangu, zege." Lakini hakugusa. Nasema mbele ya Mungu, na wifi kumtolea wifi yake ushahidi mzuri si jambo dogo, Chausiku hakugusa.

Alipoona muda wa kutosha umepita tukayamulika. Yapo yaliyokuwa meupe, hayana kitu, akayatoa. Lakini mengi yalikuwa na mishipa, myembamba na myekundu kama mizizi ya mche wa mchicha, na katikati kitone cheusi kinaruka. Kile chumba cha hewa kwa baadhi kilikuwa kimetulia mahali pake. Kwa mengi kilikuwa kimeshika upande mmoja tu, upande mwingine bado unalegea, na ukilisogeza yai unasikia maji yanasema humo ndani. Hakujali. Wamo wazima. Alilia tena, safari hii akicheka.

Baada ya hapo hakuwa anayageuza, bali alikuwa anaweka kipande cha tofali chini ya upande mmoja wa trei, trei ikalala kidogo, baadaye anakihamishia upande wa pili, taratibu, anashusha pumzi kama mtu anayelaza mtoto mgonjwa. Vifaranga wakakua. Ukimulika unaona kivuli kizito kinajikunja, kinajinyoosha. Wiki zikaenda, ikabaki kidogo tu watoke.

Hapo ndipo mama alipokuja.

Hakupiga simu. Alitokea mchana na kikapu chake cha ndizi, amekonda, macho makubwa, akasema nyumba ya Mkumbara ina kimya asichokiweza. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku tayari macho yanatafuta sanduku liko wapi. Mtoto wa nyoka ni nyoka, nikajisemea. Sasa nimejua magurudumu yametoka wapi.

Kwetu mama mkwe halali paa moja na mkwewe mwanamume, ni aibu kwa wote wawili. Kwa hiyo alilala kwangu, kitandani mwangu, na sanduku lilikuwa chumba cha pili, mlango wa pazia. Jioni ile ile Chausiku alimwonyesha kupitia kioo cha mlango wa sanduku. Yule mama aliinama, akatazama mayai yake yamesimama kwenye mwanga wa balbu, na kwa mara ya kwanza tangu afike nikamwona anatabasamu.

"Mbona umeyasimamisha hivyo kama askari?"

"Ndivyo mashine inavyotaka, mama. Yamekaribia. Naomba usiyafunue."

"Wewe ndiye unaniambia mimi nisiguse?" Akacheka, akanigeukia. "Husna, umesikia? Huyu alikuwa anamwinua bata aliyeatamia ili ahesabu mayai. Mpaka bata akahama nyumba."

Tukacheka wote. Alikula vizuri usiku ule. Chausiku alinong'ona kwamba hiyo ni mara ya kwanza mama yake kumaliza sahani tangu msiba wa bata.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mama Mwantumu hakungoja siku ya tatu. Kesho yake Chausiku alikwenda sokoni kutafuta nyama nzuri ya mgeni. Mimi nilikuwa uani, nimekaa juu ya mbuzi nakuna nazi. Nilimwona mama anatoka kwangu na ile ndoo yake ya Mkumbara, anakwenda nyuma ya nyumba. Nikadhani ametafuta kazi, anatupa takataka. Nikaendelea kukuna.

Akarudi, akaosha mikono, akakaa karibu nami kwenye mkeka. Alikuwa ametulia, ameridhika, kama mtu aliyelipa fadhila.

"Nimewasaidia," alisema. "Yule mwanangu hana muda wa kukagua. Mengi yalikuwa viza, yanacheza hivi sikioni. Mkiyaacha yangewapasukia na yale mazima."

Nazi ilibaki mkononi mwangu.

"Umeyatikisa, mama?" nikauliza.

"Yote. Moja moja." Akachukua kipande cha nazi kwenye sinia, akatafuna. "Yaliyobaki ni mazima, hayasemi. Tutapata dume na jike hapo, inshallah."

Nilitaka kusema. Maneno yalikuja mpaka kwenye meno. Lakini utamwambia nini mama wa watu, mgeni, mwenye mvi, anayetafuna nazi akiwa na furaha? Nilisema, "Ahsante, mama." Ndilo lililotoka.

Chausiku akarudi na nyama kwenye mfuko. Aliniangalia mara moja tu, akaingia ndani moja kwa moja. Alikaa humo kidogo. Alipotoka alipita kando ya mama yake, akasema, "Nakuja mama, naenda kumwaga majivu," na majivu hana. Nikamfuata.

Yalikuwa shimoni, juu ya maganda ya ndizi. Mengi yalipasuka yalipoanguka. Sitaki kuwaeleza kila kitu. Niwaambie hili moja. Chausiku alishuka mle shimoni na kanga yake ya kutokea, akaokota ganda lililofunguka, na kwenye kiganja chake kulikuwa na kifaranga aliyekamilika, ana vinyoya vilivyolowa, ana baka jeusi kichwani. Akanyoosha shingo. Akafungua mdomo mara mbili, hakutoa sauti. Kisha shingo ikalala kwenye kidole gumba cha wifi yangu.

Akaliokota jingine, na jingine. Hakukuwa na aliye hai. Akaanza kuwafukia kwa mikono, udongo unamwingia kwenye kucha, mimi nimesimama juu ya shimo nimejishika kichwa, nina hasira na sijui nimkasirikie nani. Barabara? Dereva wa bodaboda na nyimbo zake? Bibi zetu?

"Asijue," Chausiku alisema bila kuinua uso.

"Atauliza."

"Asijue, wifi. Hata mimi nilitikisa. Nilikuwa nakuja kuyamwaga humu humu, kama si Jabiri. Yeye angejuaje, nami sikumwambia?" Akapiga udongo kwa kiganja mpaka ukawa sawa. "Ng'ombe haelemewi na nunduye."

Akaenda akanawa, akapika ile nyama. Mama aliisifu.

Yaliyobaki kwenye trei yalikuwa machache, nayo yalikuwa yameshatikiswa. Siku ilipofika tulikaa wote watatu mbele ya sanduku, Jabiri akawa anachungulia kutoka mlangoni kwa sababu ya mkwewe. Tulingoja mchana kutwa. Yai moja likatoboka, chini, upande usio wake. Kifaranga alikuwa amekosa chumba cha hewa akavunja alipoweza. Mdomo ulikuwa unaonekana, unapumua kwa shida. Nilimtazama Chausiku. Kila kidole chake kilitaka kumbandua ganda. Alijua damu bado haijarudi mwilini, ukimbandua mapema anatokwa damu anakufa. Akaikalia mikono yake. Kweli, aliiweka chini ya mapaja akaikalia, mpaka yule kiumbe akazunguka mwenyewe, akapasua ganda, akaanguka nje amelowa na amechukia.

Mama Mwantumu akapiga kigelegele kidogo cha ndani ya koo. Kifaranga alipokauka, mama alimchukua, mdogo wa manjano, na kile kibaka cheusi cha Dindira kichwani.

Tukangoja wengine. Tukangoja kesho yake pia. Yale mengine hayakusema kitu. Chausiku akayamulika, akazima tochi.

Mama yake alikuwa amekaa sakafuni, kifaranga kwenye mkunjo wa kanga. "Mmoja," alisema. "Mmoja hazai."

Akamfunika kwa pindo la kanga.

"Basi imekwisha. Mbegu imechoka. Nilijua tangu mbwa wale, nilijua imechoka, nami nimechoka nayo." Aliongea polepole, na ile sauti kavu ya kwenye simu ikawa imerudi. Ilinitisha. Nilikuwa nimeshaizoea ile nyingine.

"Mbegu haina kosa, mama," Chausiku alisema.

"Yote yale viza, Chausiku? Mayai ya juzi na jana? Kama si mbegu ni nini?"

"Ni mimi."

Mama akainua uso.

"Niliyagusa. Unanijua nilivyo. Nilikuwa nayafungua, nayageuza, nayatazama. Sikuweza kutulia. Mayai yalikuja mazima, mama, mimi ndiye niliyeyaharibu."

Nilihisi masikio yananiwaka. Mwanamke huyu niliyemfukuza na mwiko na hajagusa, aliyekalia mikono yake mbele ya macho yangu. Mama yake akamtazama muda mrefu, kisha akanigeukia mimi.

"Husna mwanangu. Mayai yalikuwa kwako, na wewe humpambi mtu. Ni kweli?"

Kaka yangu pale mlangoni akaangalia chini. Chausiku hakuniangalia kabisa. Nimemsema wifi yangu mbele ya watu miaka yote hii, na kila nililomsema lilikuwa la kweli, na sikuwahi kupata taabu ya kulitoa kinywani.

"Ni kweli, mama," nikasema. "Nilimkataza, hakusikia."

Yule mama akashusha pumzi ndefu. Nilidhani atalia. Badala yake mabega yalishuka, akamtoa kifaranga kwenye kanga, akamgeuza, akamkagua miguu na mabawa kama mtu aliyeko sokoni.

"Kumbe mbegu ni nzima," alisema. "Alhamdulillahi. Basi huyu nitamtafutia mwenzake. Pale Mombo kuna mtu anafuga, nitakwenda mwenyewe nikachague." Akanyanyuka, akaomba uji, wake na wa kifaranga. Alipofika kwenye pazia akageuka.

"Lakini wewe Chausiku, yai langu sikupi tena mpaka naingia kaburini."

"Sawa, mama," akasema Chausiku.